"Earth Angel": Mtunzi Alilipwa, Koo Likaimba Bure

Kila wimbo wa "Earth Angel" unaporudi masikioni mwa watu, mabishano yaleyale hurudi nao. Mmoja ataapa kwamba huo ni wimbo wa filamu ya Back to the Future. Mwingine atasema ni wa New Edition, kwa sababu sauti yao ndiyo aliyokua nayo. Wa tatu, mpenzi wa chati za zamani, atakuonyesha kwamba toleo lililopanda juu zaidi kwenye chati ya pop ya Billboard mwaka 1955 lilikuwa la The Crew-Cuts, vijana wa Kizungu kutoka Toronto, Kanada. Wa nne atakasirika: wimbo ni wa The Penguins, Wamarekani weusi wa Los Angeles, na wengine wote ni wezi.

Hasira ya huyu wa nne ina msingi. Shida ni kwamba ndani yake yamechanganywa maswali matatu ambayo kila moja lina jibu lake: nani alitunga, nani aliimba kwanza, na nani alilipwa. Yakiachwa yamechanganyika, mjadala hauendi mbele, na watu wanaopaswa kutetewa hawapati mtetezi. Ndiyo maana inafaa kurudi nyuma hadi mahali wimbo ulipozaliwa.

Gereji ya Ted Brinson

Kundi la The Penguins lilianza mwaka 1953 likiwa na vijana wanne: Cleveland Duncan aliyeongoza kwa sauti ya tenori, Curtis Williams aliyeimba besi, Dexter Tisby na Bruce Tate. Jina walilichukua kwa yule ndege aliyechorwa kwenye matangazo ya sigara za Kool. Walikuwa sehemu ya kizazi cha vijana weusi wa mijini waliokuwa wakipanga sauti zao kwenye korido za shule na pembeni mwa barabara: sauti moja inabeba maneno, nyingine zinajaza nyuma kwa silabi zisizo na maana, besi inashika mwendo chini. Mtindo huo ulikuja kuitwa doo-wop miaka kadhaa baadaye. Wakati huo ulihesabiwa tu ndani ya muziki wa rhythm and blues (R&B).

Aliyewachukua ni Dootsie Williams, mfanyabiashara mweusi mwenye kampuni ndogo ya santuri iliyoitwa Dootone. Hakuwa na studio. Mwaka 1954 aliwapeleka kwenye gereji ya Ted Brinson, mpiga besi wa zamani wa bendi kubwa za jazi, ambako palikuwa na kinasa sauti cha mkondo mmoja. Maana yake kila kitu, waimbaji na vyombo, kilinaswa kwa mpigo, na hapakuwa na namna ya kuongeza wala kurekebisha sauti moja baadaye. Waliokuwepo wamesimulia kwamba ngoma ilizibwa kwa mito ili isiwameze waimbaji, na kwamba kila mbwa wa jirani alipobweka ilibidi waanze upya.

Ukisikiliza rekodi hiyo leo utayasikia mazingira hayo. Piano inaanza peke yake, nzito kidogo. Ngoma iko mbali, kama imefunikwa. Sauti ya Duncan iko karibu sana na inapanda bila haraka, na kuna mahali wenzake wanaingia nyuma yake bila kukaa sawa kabisa na tuni. Kilichonaswa kilikusudiwa kuwa cha majaribio tu. Dootsie aliipeleka nakala yake kwenye duka la John Dolphin, mfanyabiashara mweusi aliyeliita duka lake Dolphin's of Hollywood ingawa halikuwa Hollywood hata kidogo, bali kwenye mitaa ya weusi ya Los Angeles. Ndani ya duka hilo mtangazaji Dick Hugg alikuwa akirusha kipindi cha redio cha usiku. Akaipiga santuri pande zote mbili, na wasikilizaji wakaanza kupiga simu kuiulizia. Mpango wa kuirekodi upya vizuri zaidi ukafa hapo hapo.

Tena upande uliotegemewa kuuza ulikuwa mwingine kabisa, "Hey Señorita", wimbo wa kuchezeka. "Earth Angel" uliwekwa nyuma. Watangazaji ndio walioigeuza sahani. Mahitaji yakaipita Dootone mbio kiasi kwamba karatasi za kubandika katikati ya santuri zilimwishia Dootsie, akawa anatumia za rangi yoyote aliyoipata. Mwanzoni mwa 1955 wimbo ulikaa nambari 1 kwa wiki tatu kwenye chati ya R&B, kisha ukavuka na kufika nambari 8 kwenye chati ya pop.

Kuvuka huko ndiko kulikowafungulia mlango Crew-Cuts.

Masoko mawili ndani ya nchi moja

Chati ya R&B ilihesabu kilichonunuliwa na watu weusi na kupigwa kwenye redio zao. Chati ya pop ilihesabu kilichosikika kwa wengine wote. Kati ya masoko hayo mawili palikuwa na ukuta wa ubaguzi: vituo vikubwa vya redio vilivyosita kuwapiga waimbaji weusi, wasambazaji ambao kampuni ndogo haikuwa na mkono wa kuwafikia, na wazazi wa Kizungu walioona muziki huo haufai kwa watoto wao. Vijana wa Kizungu, hata hivyo, walikuwa wameanza kuusikia usiku kwenye redio na kuupenda.

Kampuni kubwa ziliona pengo na kulijaza kwa njia rahisi. Santuri ya kampuni ndogo ikionyesha dalili ya kuvuka, waimbaji wa Kizungu walipelekwa studio siku hizohizo kuurekodi wimbo uleule, ukasambazwa kila mahali kabla wa kwanza haujafika. Crew-Cuts walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1954 kwa "Sh-Boom" ya The Chords, kundi la Bronx, na toleo lao likafika nambari 1. "Earth Angel" yao ilitoka Mercury, kampuni kubwa ya Chicago, ikafika nambari 3, nafasi tano juu ya Penguins. Nchini Uingereza ilifika nambari 4, wakati Penguins hawakuingia kwenye chati ya huko kabisa. Kwa msikilizaji wa London mwaka 1955, wimbo ulikuwa wa Crew-Cuts, kwa sababu hakuletewa mwingine wa kulinganisha nao.

Ukuta huo una maana kubwa katika hukumu. Santuri mbili za wimbo mmoja zikiwekwa kwenye rafu moja na mnunuzi akachagua, huo ni ushindani. Moja ikifikishwa dukani na nyingine ikazuiwa njiani kwa sababu ya rangi ya ngozi ya mwimbaji, hilo ni jambo jingine, hata kama sheria haikuwa na kosa la kulitaja.

Sheria ilimjua nani

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, na ndipo mabishano mengi hupita mbio.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimlinda mtunzi: maneno na melodia, vitu vinavyoweza kuandikwa kwenye karatasi. Ilimpa pia kila mtu leseni ya lazima. Wimbo ukisharekodiwa mara moja kwa idhini ya mwenye haki, yeyote mwingine angeweza kuurekodi bila kuomba ruhusa, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho cha senti 2 kilidumu hadi mwaka 1978.

Rekodi yenyewe, yaani sauti iliyonaswa, haikuwa na ulinzi wowote katika sheria ya shirikisho hadi tarehe 15 Februari 1972. Mpangilio wa sauti nao haukuwa na mwenyewe. Mwaka 1950 jaji Leon Yankwich, katika kesi ya Supreme Records dhidi ya Decca iliyosikilizwa California, alikataa dai la kampuni ndogo kwamba kampuni kubwa imeiga mpangilio wake wa wimbo "A Little Bird Told Me". Na redio, kila ilipopiga santuri, ilimlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji hakulipwa kitu.

Tuweke hesabu mezani, kwa mfano tu. Santuri ya kurudia iuze nakala milioni moja. Kwa senti 2 kila nakala, zinapatikana dola 20,000, ambazo kwa desturi ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya mchapishaji na mtunzi. Mwimbaji wa kwanza, ambaye sauti yake ndiyo iliyowafanya hao wa pili wautamani wimbo, anapata sifuri.

Sasa rudi kwenye ile gereji. Mwenye haki za uchapishaji wa "Earth Angel" alikuwa Dootsie Williams. Aliyeandikwa kuwa mtunzi alikuwa Curtis Williams. Kwa hiyo Crew-Cuts walipouza, upande wa utunzi ulipata. Cleveland Duncan, aliyeuimba wimbo mzima kwa koo lake, na Tisby na Tate waliompokea nyuma, hawakuwa na chochote cha kudai. Watu waliosimama mbele ya kinasa sauti kimoja walitoka humo wakiwa na masilahi yanayopingana, na sheria ndiyo iliyowagawa. Jambo hili sijaona likisemwa vya kutosha. Wengi husimulia habari ya weusi dhidi ya Wazungu, ambayo ni ya kweli, kisha wakasahau kwamba ndani ya upande mmoja kulikuwa na aliyenufaika na santuri zote mbili na kulikuwa na aliyenufaika na moja tu.

Wanaosema ni wizi

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inatazama watu, haitazami karatasi. Kilichowavutia vijana kwenye "Earth Angel" hakikuwa melodia. Melodia yake inakaa juu ya mzunguko wa kodi nne (chords) ambao balladi za doo-wop zimeutumia mamia ya mara, na ambao "Blue Moon" ya Rodgers na Hart iliutangulia kwa miaka ishirini. Kilichovutia kilikuwa jinsi Duncan anavyoingia, jinsi sauti za nyuma zinavyomjibu, jinsi piano inavyogonga tatu-tatu polepole. Ukiuchukua wimbo kwa kuvichukua hivyo, umechukua kazi ya mtu.

Waimbaji wenyewe waliona hivyo. LaVern Baker, ambaye "Tweedle Dee" yake iliigwa na Georgia Gibbs wa Mercury na kupitwa mbali kwenye chati, alimwandikia mbunge Charles Diggs wa Michigan mwaka huohuo wa 1955 akiomba sheria ibadilishwe ili mpangilio ulindwe. Hakuwa na ugomvi na watu kuimba nyimbo alizoimba yeye. Alilalamikia kunakiliwa pumzi kwa pumzi.

Udhaifu wa hoja uko sehemu mbili. Kwanza, Crew-Cuts hawakuwanakili Penguins pumzi kwa pumzi. Ukisikiliza matoleo yote mawili utasikia tofauti mara moja: Crew-Cuts ni safi, wana okestra, kila neno linatamkwa kama darasani, na ule wasiwasi wa Duncan umefutwa kabisa. Walichochukua ni wimbo na wakati wake, hawakuweza kuchukua sauti. Pili, hoja inambebesha mwimbaji wa kurudia mzigo ambao si wake peke yake. Waliovifunga vituo vya redio na maduka hawakuwa vijana wanne wa Toronto.

Kuna pia kuanguka kwa Penguins, ambako mara nyingi husukumiwa kwa Crew-Cuts. Ukweli ni mchungu kwa namna nyingine. Wakilalamika kwamba fedha za Dootone haziwafikii, walijiweka chini ya meneja Buck Ram, naye akawahamishia Mercury, kampuni ileile iliyokuwa imetoa toleo la Crew-Cuts. Ram aliwapa Mercury sharti: mkiwataka Penguins, chukueni na kundi langu jingine, The Platters. Mercury walikubali. Platters wakatoa "Only You" mwaka 1955, kisha "The Great Pretender" iliyofika nambari 1, wakawa nyota wa dunia. Penguins hawakupata tena wimbo wa kiwango kile. Toleo la Crew-Cuts liliwanyima fedha na wasikilizaji. Uamuzi wa kibiashara wa meneja wao ndio uliowanyima miaka iliyofuata.

Wanaosema ni biashara ya kawaida

Upande wa pili nao una historia. Kabla ya santuri kutawala, bidhaa ya muziki ilikuwa wimbo ulioandikwa. Wachapishaji wa New York waliuza karatasi, na walitaka wimbo mmoja uimbwe na watu wengi iwezekanavyo kwa wakati mmoja. Kipindi maarufu cha redio cha Your Hit Parade, kilichoanza 1935, kilipanga nyimbo kwa umaarufu wake na kuziimba kwa waimbaji wake chenyewe. Hakikujali nani amerekodi. Kwa mtu aliyelelewa katika biashara hiyo, Crew-Cuts kurekodi "Earth Angel" hakukuwa na jipya.

Wanaongeza kwamba toleo la kurudia liliutangaza wimbo. Kijana aliyeusikia kwa Crew-Cuts alianza kutafuta ulikotoka, na soko likafunguka polepole. Ushahidi upo. Mwaka 1955 mwimbaji wa Kizungu Pat Boone alifika nambari 1 na "Ain't That a Shame" ya Fats Domino, huku Domino mwenyewe akiishia nambari 10. Mwaka uliofuata Boone alirudia "Long Tall Sally" ya Little Richard, na safari hii Little Richard ndiye aliyekwenda juu zaidi kwenye chati hiyohiyo ya pop. Mwaka huohuo wa 1956 Frankie Lymon na The Teenagers waliwashinda waliorudia "Why Do Fools Fall in Love". Ndani ya muda mfupi vijana wa Kizungu walikuwa wanadai sauti yenyewe.

Hata hivyo hoja hii inadokoa sababu. Waliogeuza hali walikuwa wasikilizaji, pamoja na watangazaji kama Alan Freed aliyekataa kupiga matoleo ya kuiga na kusisitiza yale ya kwanza. Kusema kwamba marudio ndiyo yaliyofungua soko ni kumpa sifa aliyekaa mlangoni kwa sababu mlango hatimaye ulisukumwa. Na desturi ya Your Hit Parade ilizaliwa wakati santuri haikuwa bidhaa kuu. Kufikia 1955 watu walikuwa wananunua rekodi fulani ya mtu fulani. Biashara ilikuwa imebadilika, sheria ikabaki ya zama za karatasi, na kampuni kubwa zilijua vizuri tofauti hiyo inamnufaisha nani.

Utunzi wenyewe ulitoka wapi

Kama swali la mwimbaji lina utata, la mtunzi lina zaidi. Santuri ya kwanza ilimtaja Curtis Williams. Baadaye Jesse Belvin na Gaynel Hodge, wanamuziki wa mtandao uleule wa Los Angeles, walidai kwamba mkono wao umo. Kesi ilikwenda mahakamani, mchango wao ukatambuliwa, na leo wimbo huandikwa kwa majina matatu. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyefuatilia mabishano ya miaka mingi kuhusu mtunzi wa "Malaika" anaijua hali hii: wimbo unazaliwa katikati ya marafiki, hakuna anayeandika tarehe wala mgawanyo, kisha fedha zinakuja.

Lakini hata majina matatu hayamalizi. Wachunguzi wa muziki wameonyesha vipande vilivyotangulia. Piano ya mwanzo inafanana na ya "I Know" ya The Hollywood Flames, kundi ambalo Williams na Hodge walipitia. Kuna mwangwi wa "Dream Girl", aliyoirekodi Belvin akiwa na Marvin Phillips. Sehemu ya kati inakumbusha "I Went to Your Wedding", iliyotungwa na Jessie Mae Robinson na kupata umaarufu kwa sauti ya Patti Page. The Swallows walikuwa na "Will You Be Mine", maneno yaleyale ambayo "Earth Angel" imeyaweka kwenye jina lake kamili.

Hili halimpunguzii mtu heshima. Doo-wop ilikuwa muziki wa kusikilizana na kupokezana: kundi la mtaa huu linachukua mwanzo wa kundi la mtaa ule, linaongeza sehemu ya kati, linabadilisha maneno, na mwenye sauti nzuri zaidi ndiye anayebaki na wimbo. Kanuni ya hakimiliki, inayotaka jina moja na siku moja ya kuzaliwa, ilikuja juu ya desturi hiyo na kuikata vipande. Wengine waliumia vibaya zaidi. Herman Santiago na Jimmy Merchant wa The Teenagers walisubiri hadi 1992 jopo la mahakama kuwatambua kuwa watunzi wa "Why Do Fools Fall in Love", na mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikawanyang'anya kwa sababu walichelewa kudai. Jesse Belvin naye hakuishi kuyafaidi matunda yake kwa muda mrefu. Alifariki katika ajali ya gari huko Arkansas mwezi Februari 1960, akiwa na umri wa miaka 27.

Hapa ndipo ombi la LaVern Baker, ambalo moyo wangu uko nalo, linapogonga mwamba. Tuseme Bunge la Marekani lingemkubalia na kuulinda mpangilio. Mwenye "I Know" angekuwa na haki ya kuizuia piano ya "Earth Angel". Mwenye ule mzunguko wa kodi nne angewazuia wote. Ngao ambayo ingemlinda Duncan dhidi ya Crew-Cuts ingeweza kumzuia Duncan asiimbe kabisa. Gharama hiyo ni lazima itajwe na kila anayetaka kuiga kupigwe marufuku.

Waliokuja baadaye

Marudio ya baada ya 1955 yanahitaji mizani nyingine, kwa sababu hayakuwa yanashindana na Penguins dukani. Elvis Presley aliuimba kwa faragha nchini Ujerumani alipokuwa jeshini, na mkanda huo wa nyumbani ulitolewa baada ya kifo chake. Ni mtu anayeimba wimbo anaoupenda, basi. Johnny Tillotson aliurekodi mwaka 1960 na The Vogues mwaka 1969, wote kwa ulaini ambao hauachi alama.

Mwaka 1985 filamu ya Back to the Future iliuweka kwenye dansi ya shule iliyopangwa kuwa ya Novemba 1955, ukiimbwa na Harry Waters Jr. akiwa mwanamuziki Marvin Berry. Filamu ilifanya jambo zuri ambalo wengi hawalioni: iliurudisha wimbo kwa mwimbaji mweusi, mbele ya vijana wa Kizungu wanaocheza, mwaka uleule ambao redio zilikuwa zikiwapa Crew-Cuts nafasi ya juu. Iliwapa pia vizazi vipya wimbo bila jina la Penguins akilini, na ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya mkanganyiko wa leo.

New Edition waliufuata mwaka 1986. Vijana hawa weusi wa Boston walikuwa wametoka kuachana na mwenzao Bobby Brown, na wakatoa albamu nzima ya nyimbo za zamani, Under the Blue Moon. "Earth Angel" yao iliingia pia kwenye filamu ya The Karate Kid Part II na kufika nambari 21. Vinanda vya umeme vya miaka ya themanini vimeuchakaza kuliko gereji ilivyoichakaza rekodi ya kwanza, lakini mwimbaji wao Ralph Tresvant anaimba kama mtu anayejua anaingia kwenye nyumba ya nani. Huo ni urithi unaopokelewa na wenye haki ya kuurithi. Death Cab for Cutie, bendi ya roki ya jimbo la Washington, waliurudia mwaka 2005 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, na wenyewe wakautendea kwa heshima.

Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi ya Penguins, ile ya gereji, kwenye Rejista ya Taifa ya Rekodi. Toleo la Crew-Cuts halimo.

Kupima

Tukiweka yote kwenye mizani, naona ni lazima kutenganisha matoleo kwa wakati na nafasi. Toleo linalotolewa wiki zilezile, na kampuni yenye nguvu zaidi, katika soko ambamo mwimbaji wa kwanza amefungiwa mlango, linachukua mahali pa la kwanza. Linamnyang'anya mtu riziki hata likiwa halali kisheria, na hata waimbaji wake wakiwa hawana nia mbaya. Ndivyo lilivyokuwa la Crew-Cuts. Toleo linalokuja miaka mingi baadaye haliwezi kuchukua mahali hapo, kwa hiyo linastahili kuhukumiwa kwa usanii wake peke yake. Kuwaita New Edition wezi ni kutojua maana ya neno.

Kuhusu umiliki, wimbo ni wa Williams, Belvin na Hodge, pamoja na wote waliowaazima bila karatasi. Rekodi ni ya The Penguins, na ndiyo pekee ambayo muda umeithibitisha kuwa kazi kubwa.

Kuhusu dawa, kuzuia kuiga si njia. Leseni ya lazima, pamoja na madhara yake, ndiyo iliyouweka wimbo hai kwa waimbaji wasiohitaji kupiga magoti kwa mchapishaji. Kasoro iko kwenye malipo: aliyeimba hakupata kitu kila sauti yake iliposikika hewani. Nchi nyingi zimeirekebisha kasoro hiyo kwa kumpa mwimbaji mgawo redio inapopiga rekodi yake. Mkataba wa Roma wa 1961 uliweka msingi huo, na sheria ya Kenya, kwa mfano, inatambua haki hiyo. Marekani haikujiunga na mkataba. Kwa sheria ya 1995 ilianza kuwalipa waimbaji kwenye redio za intaneti na satelaiti, lakini rekodi za kabla ya 1972 ziliachwa nje hadi sheria ya mwaka 2018 ilipoziingiza. Kwa sheria hiyo, rekodi ya "Earth Angel" ya 1954 inalindwa hadi mwisho wa 2064. Cleveland Duncan alikuwa amefariki mwaka 2012.

Redio za kawaida za Marekani bado hazimo katika utaratibu huo. Zikiupiga "Earth Angel" leo, zinalipia utunzi. Kwa sauti ya Duncan hazidaiwi hata senti moja, na Bunge lao ndilo lenye uwezo wa kubadilisha hilo.